Je, Wajua? Kizazi Kimetoka, Arobaini Iko Wapi?

Je, wajua kwamba kizazi ni kidogo kuliko maneno yanayosemwa juu yake? Kwa mwanamke asiye na mimba kina urefu wa sentimita 7 au 8, upana wa 5 na uzito wa gramu 60 hivi. Ni pera moja la kushika kiganjani. Kwa waliozaa huwa kikubwa kidogo.

Je, wajua kwamba madaktari hupima ukubwa wa kizazi chenye uvimbe kwa wiki za mimba? Ndiyo maana mama wa watoto wanne, asiye na mimba ya tano, hutoka kliniki ameduwaa kwa kuambiwa tumbo lake ni la wiki 20. Maana yake uvimbe umekikuza kizazi mpaka kimefika usawa wa kitovu. Mume naye aelezwe mapema, maana karatasi ya hospitali ikisomwa nusu nusu huvunja nyumba.

Je, wajua kwamba uvimbe huo, fibroidi, si saratani? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa nao kufikia umri wa miaka 50, na wengi hawana habari. Usiosumbua huachwa. Unaosumbua una njia kadhaa: kuutoa wenyewe na kukiacha kizazi, kuziba mishipa ya damu inayoulisha, au kitanzi chenye homoni cha kupunguza damu. Kutoa kizazi ni safari isiyo na kurudi, kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari ni hili: kwangu mimi, kuna njia nyingine?

Swali la pili: mlango wa kizazi unatolewa au unabaki? Ukibaki, bado utahitaji kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kama wanawake wengine, kwa mfano kwa kipimo cha kupaka siki. La tatu: ovari zinabaki? Zikibaki, homoni zinaendelea kutoka na ukomo wa hedhi hauji siku hiyo, ingawa unaweza kuwahi kidogo. Zikitolewa zote mbili kabla ya wakati wake, ukomo unaingia mara moja na joto lake, jasho la usiku na kukosa usingizi. Inashangaza wangapi wamefanyiwa upasuaji huu bila kujua ni kipi kilitoka na kipi kilibaki. Omba uandikiwe.

Je, wajua kwamba mwaka 1843 Charles Clay wa Manchester, Uingereza, alitoa kizazi kwa kupasua tumbo, na mgonjwa akafariki? Miaka 10 baadaye, huko Lowell, Marekani, Walter Burnham alifanya hivyo na mgonjwa wake akapona. Mwaka 1988 Harry Reich wa Pennsylvania alikitoa kwa msaada wa kamera iliyopitishwa kwenye matundu madogo. Leo kizazi hutolewa kwa kupasua tumbo, kupitia ukeni, au kwa hiyo kamera. Aliyepasuliwa tumbo huhitaji wiki 6 hadi 8 kupona; wa njia nyingine mara nyingi 4 hadi 6.

Sasa hesabu. Wiki 6 ni siku 42. Jamii yetu inazifahamu vizuri siku za namna hiyo, inaziita arobaini. Mzazi hupikiwa uji wa pilipili manga na supu, hukandwa, hufuliwa nguo, na shangazi huhamia nyumbani na begi lake. Aliyetolewa kizazi anarudi na jeraha la tumbo kama la aliyezaa kwa upasuaji, ila mikononi hana mtoto wa kuonyesha. Siku ya nne anaulizwa chumvi iko wapi. Siku ya saba yuko mekoni. Huo si ushujaa, ni uonevu, na nausema hapa mapema ili yanayofuata yasomwe na mume, mama mkwe na wifi pia.

Je, wajua kwamba hata sheria za kazi zinamfahamu mzazi kuliko mgonjwa? Kenya humpa aliyejifungua miezi 3 ya likizo yenye mshahara kamili. Kwa ugonjwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inamhakikishia mfanyakazi, baada ya miezi 2 kazini, angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara katika miezi 12. Kinachozidi hapo ni hisani ya mwajiri au mkataba wa chama cha wafanyakazi. Tanzania ni afadhali: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, na 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, mradi cheti cha daktari kiwepo. Mama lishe na muuza mboga hawamo kwenye sheria yoyote kati ya hizo. Wao arobaini yao ni majirani na kikundi cha kina mama, basi.

Je, wajua kwamba maandalizi makubwa kuliko yote ni damu? Mwanamke aliyetokwa na hedhi nzito kwa miaka huingia hospitali damu yake ikiwa chini, na mara nyingi upasuaji huahirishwa kwa sababu hiyo tu. Vidonge vya madini ya chuma vianze wiki kadhaa kabla. Maini, dagaa, maharage na mboga za majani visaidiwe na chungwa au limau, kwa kuwa vitamini C hulisaidia tumbo kunyonya madini hayo.

Chai je? Chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Isubiri saa moja au mbili baada ya kula, najua ni adhabu.

Na ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni, ambao wengine huuita pemba? Hamu ya kula udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na baadhi ya udongo hushika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini. Mwambie daktari bila haya, ameshasikia makubwa zaidi.

Je, wajua kwamba chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula? Kabla ya ganzi ya mgongo au nusukaputi, chakula huachwa saa 6, maji matupu saa 2, na maziwa yako upande wa chakula. Hospitali ikikupa saa zake, fuata zake.

Je, wajua kwamba hina nyeusi ya kucha inaweza kukivuruga kipimo cha oksijeni? Kile kifaa kinachobanwa kidoleni hupitisha mwanga, na rangi nzito huuzuia. Hina nyekundu ya kawaida haina neno. Kama una harusi wiki hiyo, acha angalau kidole kimoja kitupu.

Tuje kwa watoto, maana huku ndiko vitabu vya hospitali hupita haraka.

Je, wajua kwamba madaktari wengi humkataza mgonjwa kubeba zaidi ya kilo 4 au 5 katika wiki za mwanzo? Pakiti mbili za unga za kilo 2 zimefika ukingoni. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 hivi. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, bila uzito wa ndoo. Kuvuta kamba ya kisima, kuinamia beseni la nguo, kuinua sufuria ya ugali wa familia, kusogeza mtungi wa gesi: vyote vimo kwenye katazo, hata kama daktari hakuvitaja kimoja kimoja.

Kwa hiyo mtoto mdogo afundishwe kabla ya siku yenyewe. Mama anakaa kwenye kiti, mtoto anapanda mwenyewe kwa kigoda, anakumbatiwa akiwa pembeni na mto mdogo ukikinga tumbo. Akizoea wiki mbili kabla, hataona kama amenyimwa mama. Kuogeshwa na kubebwa mgongoni kuhamie kwa dada wa kazi, baba au kaka mkubwa mapema pia, asije akabadilishiwa kila kitu siku moja.

Je, wajua kwamba mtoto wa chini ya miaka sita au saba anaweza kuamini kuwa yeye ndiye amemuuguza mama? Alimkasirikia jana, leo mama kalazwa. Kwake hizo ni habari moja. Aambiwe waziwazi: mama ana ugonjwa tumboni, daktari atautoa, si kosa la mtu, atalala huko siku kadhaa kisha atarudi. Asidanganywe kwamba mama kasafiri kwenda kwa bibi. Uongo huo hugunduliwa mama anaporudi anatembea kwa kujikunja, na safari nyingine ya kweli kwa bibi itakuwa na kilio. Mkubwa wa miaka 12 aelezwe zaidi, na apewe kazi ya kweli iliyo saizi yake, ila asigeuzwe mama wa nyumba. Mtihani wake uko palepale.

Je, wajua kwamba wengine hawapati hata nafasi ya kujiandaa? Mama anavuja damu nyingi baada ya kujifungua, dawa zimeshindwa, na kizazi kinatolewa ili yeye abaki hai. Hatari moja inayoleta hali hiyo ni kondo la nyuma kujikita kwenye kovu la upasuaji wa zamani, na huongezeka kwa kila upasuaji wa uzazi. Mama huyo anaweza kunyonyesha. Maziwa yanaendeshwa na homoni kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo na hayategemei kizazi, ingawa aliyepoteza damu nyingi yanaweza kuchelewa. Mtoto ashikwe chini ya kwapa, miguu ikielekea nyuma, asikanyage mshono. Na dawa ya maumivu iulizwe: kodeini na tramadol hazipendekezwi kwa anayenyonyesha.

Je, wajua kwamba baada ya upasuaji wa kamera bega linaweza kuuma kuliko tumbo? Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, nayo huukera msuli wa kupumulia ambao neva yake inashirikiana na bega. Hutoweka baada ya siku chache.

Je, wajua kwamba kutafuna bigijii kumeonekana kuamsha utumbo baada ya upasuaji? Uliza wauguzi kwanza. Papai na maji ya kutosha yafuate, kwa sababu choo kigumu ni adui wa mshono.

Kutembea ni tiba. Damu ya mguuni ikilala huganda, na bonge likipanda mapafuni huua. Kitandani chezesha nyayo, geuka ubavu kabla ya kuinuka, jisukume kwa mkono. Ukikohoa, bana tumbo kwa mto. Bodaboda ipumzishwe kabisa. Mshono uwe safi na mkavu. Bibi wa kukanda kwa maji ya moto akandwe yeye kwa chai na ashukuriwe, jeraha haliguswi. Muumini ana ruhusa ya kuswali ameketi, na ya kulipa baadaye funga za Ramadhani.

Na damu ya hedhi inakwenda wapi? Haiendi kokote. Hutengenezwa kwenye utando wa ndani ya kizazi, na utando haupo tena. Haipandi kichwani wala haijazani tumboni. Mayai ya ovari hunyonywa na mwili. Nafasi iliyoachwa hukaliwa na utumbo.

Ndoa je? Uke unabaki. Wengi huambiwa wasubiri wiki 6 hadi 8, ili mshono wa ndani ushike. Baada ya hapo wapo wanaoona raha imeongezeka kwa sababu damu na maumivu yamekwisha. Wapo pia wanaolia mchana kweupe, hata waliokuwa hawataki mtoto mwingine. Mume anayesema mkewe si mwanamke kamili anastahili kupelekwa kwa mshenga wake akaonywe.

Je, wajua dalili zisizongoja asubuhi? Pedi moja inalowa chepechepe ndani ya saa moja. Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Usaha au harufu mbaya. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kifua kubana. Mkojo kugoma kutoka, au kuvuja wenyewe bila kukoma; huo unaweza kuwa fistula, na inatibika. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT huitibu bila malipo. Madoa kidogo ya damu kwa wiki kadhaa, hayo ni ya kawaida.

Je, wajua kwamba kizazi kilichotolewa hupelekwa maabara? Majibu huja baadaye, na mara nyingi hakuna wa kuyafuata kwa sababu mgonjwa ameshapata nafuu. Yafuate.

Kama una binti wa miaka 9 hadi 14, ulizia pia chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Rwanda iliianza kitaifa mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019.

Na wewe usiyeumwa, mwenye dada au jirani anayesubiri tarehe ya upasuaji: usimuulize atahitaji nini, atasema hahitaji kitu. Mwambie utakuwa pale wiki ya tatu kuchota maji na kuwapeleka watoto shule. Wiki ya kwanza watu huwa wengi.