Mkanda wa Jasho na Mkanda wa Heshima

Mji wa Itigi uko kando ya reli ya kati, baina ya Manyoni na Tabora. Nchi yake ina vichaka vilivyosongamana sana, na humo watu hutundika mizinga ya nyuki. Mrina asali wa siku nyingi hutambulikana hata kwa kamba yake ya kupandia miti: imelainika kwa kushikwa, tena imechakaa kwa kusuguana na magome.

Tuseme mgeni mkubwa amekuja mjini, naye amewatendea watu wema. Warina asali wakamtunukia kibuyu cha asali na kamba mpya. Mgeni akashukuru, watu wakapiga makofi. Hapo hapana uongo wo wote, maana watu wametoa shukrani yao. Lakini je, usiku ule mtamwambia, “Bwana, kamba unayo, basi panda ukarine”? Akipanda ataanguka. Alipewa kamba, hakupewa mikono ya kupandia.

Habari ya kamba hiyo ni sawa na habari ya mikanda ivaliwayo na wachezaji wa judo, karate na taekwondo. Hiyo ni michezo ya kupigana bila silaha iliyotoka Japani na Korea, na siku hizi judo na karate hufundishwa hata Dar es Salaam na Unguja.

Aliyeanza desturi ya vyeo hivi alikuwa mwalimu, jina lake Kano Jigoro. Mwaka 1882 alifungua mjini Tokyo shule ya judo iitwayo Kodokan. Mwaka 1883 aliwapa wanafunzi wake wawili cheo cha kwanza, kiitwacho dan. Baada ya miaka michache wenye cheo hicho wakaanza kuvaa mkanda mweusi, wapate kutambulikana. Mwaka 1924 Funakoshi Gichin, aliyekuwa mwalimu wa shule kisiwani Okinawa, aliwapa wanafunzi wake wa karate vyeo vya namna hiyohiyo.

Mwenye kuanza huvaa mkanda mweupe. Hupanda ngazi ziitwazo kyu, ambazo hesabu yake hushuka mpaka kufika ya kwanza. Kisha huingia dan, ambazo hesabu yake hupanda. Watu wengi hudhani kuwa mkanda mweusi ndio mwisho wa elimu. Sivyo. Mwenye dan ya kwanza ni kama mtoto aliyekwisha kujua kusoma: sasa aweza kuanza kusoma vitabu. Katika judo, mwenye dan ya 6 mpaka ya 8 aweza kuvaa mkanda wa vipande vyekundu na vyeupe, na mwenye dan ya 9 au ya 10 mkanda mwekundu.

Mtu aweza kuuliza, “Kitambaa kikiwa cheusi au cheupe, kuna nini?” Kuna jambo kubwa. Katika judo mwenzako hukushika, hukuinua, kisha hukubwaga chini. Ndiyo sababu mwanafunzi hufundishwa kwanza namna ya kuanguka bila kuumia. Asipofundishwa vema, aweza kuvunjika mkono, au hata shingo. Mwanafunzi mgeni hawezi kupima elimu ya mwalimu wake. Hutazama mkanda, akauamini. Basi mkanda ni shahidi, na shahidi akisema uongo, anayeumia ni yule aliyemwamini.

Lakini iko mikanda mingine, iitwayo ya heshima. Hii hupewa mtu mkubwa au mfadhili wa mchezo, bila ya kutahiniwa. Katika taekwondo, mtu hutumia miaka zaidi ya 30 kupanda kutoka dan ya kwanza mpaka ya 9. Aliyeheshimiwa aweza kupewa dan hiyo ya 9 kwa siku moja. Hivyo ndivyo chama cha taekwondo cha ulimwengu kilivyofanya mwezi wa Novemba 2013, kilipompa Vladimir Putin, Rais wa Urusi, mkanda mweusi wa dan ya 9. Yeye alikuwa mchezaji wa judo tangu ujana wake, lakini mkanda huo wa taekwondo ulikuwa zawadi. Tarehe 28 Februari 2022, baada ya majeshi yake kuingia Ukraine kwa vita, chama kilimvua heshima ile. Kilichotolewa kwa mkono kikarudishwa kwa mkono. Mkanda wa jasho nao waweza kutwaliwa, lakini yale ambayo mwili umejifunza kwa miaka mingi hayatwaliki.

Wala tusidharau vyeo vya heshima, kwani hata kwetu viko. Mwaka 2021 machifu walikutana Kisesa, katika Mkoa wa Mwanza, wakamwita Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya. Kadhalika vyuo vikuu vilimpa Julius Nyerere udaktari wa heshima. Lakini yeye alijulikana kwa jina la Mwalimu, kazi aliyojifunza na kuifanya kweli.

Fikirini, basi. Mgonjwa akiletwa usiku katika hospitali ya Mtakatifu Gaspar hapo Itigi, naye ahitaji kupasuliwa, ataitwa daktari gani? Yule wa heshima, au yule aliyesoma? Udaktari wa heshima ni kitu kizuri mahali pake, lakini haushiki kisu.

Wazee husema juu ya mtu aliyevikwa kilemba cha ukoka, yaani aliyesifiwa sifa zisizo zake. Ukoka ni majani. Asubuhi ni mabichi, jioni yamenyauka. Mkanda wa heshima si kilemba cha ukoka, maadamu mwenye kuuvaa husema, “Nilipewa.” Hugeuka kuwa ukoka siku ile asemapo, “Niliushinda,” na huwa hatari siku ile awaitapo watoto waje awafundishe.

Nawe siku moja utasifiwa, pengine kwa kazi uliyoifanya, pengine kwa kazi ya mwenzako. Upokee kwa adabu kilicho chako, na kisicho chako useme ni cha nani.

Maswali
1. Kwa nini mkanda unaitwa shahidi?
2. Eleza tofauti ya kyu na dan.
3. Mkanda wa heshima hugeuka lini kuwa kilemba cha ukoka?