Klachi Mbili kwenye Mchanga wa Nachingwea

Otomatiki zinazotembea Nachingwea na Ruangwa si za aina moja, ingawa wenye magari na mafundi wengi huziweka kapu moja. Toyota IST ya kwanza ina otomatiki ya kizamani ya gia nne, inayopokea nguvu ya injini kwa kupitia oili. IST ya pili na Nissan X-Trail nyingi zina CVT, yaani mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Aina ya tatu ndiyo inayoleta vilio: giaboksi ya klachi mbili. Imo kwenye Volkswagen Golf, Polo na Tiguan kwa jina la DSG, imo kwenye Audi A3, imo kwenye Honda Fit na Vezel za haibridi zilizoanza kutoka mwaka 2013, na imo hata kwenye baadhi ya Fuso Canter za kuanzia 2010, kwa jina la Duonic. Nyingi hutufikia zikiwa zimeshatumika Japani, na kitabu chake kikiwa cha Kijapani, kama kipo.

Zipo zenye udhaifu wa kiwandani, nami nitazitaja. Lakini nyingi ninazoziona zimeuawa na watu wawili: dereva anayeliendesha gari kama IST, na fundi anayelitia oili ya IST.

Ukiifungua giaboksi hii, ndani utakuta gia za manyo. Meno ni yale yale, sinkronaiza zile zile, uma zile zile za kusukumia gia. Kilichoongezeka ni kwamba shafti zinazopokea nguvu ni mbili, moja imepita ndani ya nyingine, kila moja na klachi yake. Klachi ya kwanza inashika gia za 1, 3, 5 na 7. Ya pili inashika 2, 4 na 6. Gari likiwa kwenye gia ya pili, ya tatu imeshachaguliwa inasubiri, na klachi moja ikiachia, nyingine inashika papo hapo. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: mchi mmoja unapanda, mwingine unashuka, na ujanja wote uko kwenye mapigo. Anayeshika mapigo hapa ni mekatroniki, boksi lenye kompyuta, vali na sensa, lililofungwa kwenye giaboksi yenyewe. Wazo ni la zamani. Mfaransa Adolphe Kégresse alilibuni mwishoni mwa miaka ya 1930, Porsche wakalitumia kwenye magari ya mashindano miaka ya 1980, na mwaka 2003 Volkswagen wakaliingiza kwenye Golf R32, gari ambalo mtu wa kawaida angeweza kulinunua.

Maana ya muundo huo ni kwamba ndani ya giaboksi mna klachi, na klachi huisha kwa kusuguana. Kwenye manyo, dereva anayeichoma klachi huisikia harufu na mguu wake humwambia. Hapa mguu haupo. Mekatroniki ndiyo inayoteleza klachi kwa niaba yako, kimya kimya, na wewe unaona gari linajivuta taratibu tu.

Sasa itazame barabara yetu. Njia ya kwenda Kilimarondo wakati wa kiangazi, au zile za ndani ndani huko Mandawa, zina mchanga unaomlazimisha dereva kutambaa. Gari linalotambaa chini ya mwendo wa kilomita 8 hadi 10 kwa saa halijafunga klachi kabisa, linaiteleza. Dakika chache za hivyo kwenye mchanga, huku umekanyaga mafuta, zinatosha kuipandisha klachi kavu, ile isiyooga kwenye oili, kwenye joto la hatari. Dawa ni kupunguza upepo wa matairi, kuweka gia kwa mkono kwenye ya kwanza, kisha kuchagua moja kati ya mawili: pita kwa mwendo unaoiruhusu klachi kufunga, au simama. Kusitasita katikati ndiko kunakoila.

Kwenye mlima, shikilia gari kwa breki au hendibreki, kamwe usilishikilie kwa mafuta. Foleni ya kweli Ruangwa hatuna, labda siku Simba au Yanga wanapokuja kucheza na Namungo Uwanja wa Majaliwa, lakini hata siku hiyo usilisukume gari nusu mita nusu mita. Acha nafasi mbele ifunguke, ndipo uende. Na huna haja ya kuweka N kila unaposimama: ukikanyaga breki barabara, DSG yenyewe inaachia klachi. Kinachoidhuru ni breki iliyoguswa nusu, gari likitaka kwenda na kukatazwa.

Canter za Duonic zina shida yao ya msimu. Ufuta unapoanza kuuzwa, kuelekea katikati ya mwaka, magari hujipanga kupeleka magunia kwenye maghala ya minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mtazame dereva anayerudi nyuma kwenye mlango wa ghala akiwa na mzigo kamili: anapanda kamwinuko, anasimama, utingo anapiga kelele "njoo njoo", anasogea kidogo, anasimama tena. Klachi za Duonic zinaoga kwenye oili, hivyo zinavumilia kuliko kavu, ila uchafu wa kusuguana huko wote unabaki ndani ya oili hiyo hiyo. Lori la namna hii haliwezi kufuata ratiba ya oili ya lori linalotembea kwenye lami ya Japani. Na kabla ya kurudi nyuma, nyoosha gari kwanza, lije kwa mkupuo mmoja.

Tofauti ya klachi kavu na yenye oili ndiyo ya kuijua kabla spana haijagusa boliti. Kwa Volkswagen, giaboksi ya gia sita iitwayo DQ250 ina klachi za oili. Ile ya gia saba iitwayo DQ200, iliyoanza 2008 na kufungwa zaidi kwenye injini ndogo za lita 1.2 na 1.4, ina klachi kavu na imetengenezwa kwa nguvu isiyozidi nyutonimita 250. Usihesabu gia tu na kuridhika, kwa sababu zipo za gia saba zenye klachi za oili, hasa kwenye Tiguan. Funua buti, tafuta stika ya karatasi karibu na tairi la akiba: herufi za giaboksi zimeandikwa hapo pamoja na za injini. Honda za haibridi nilizozitaja zina klachi kavu, na mota ya umeme huzisaidia wakati wa kuondoka. Betri kubwa ya haibridi ikichoka, msaada unapungua na klachi inabeba yote. Onyo la joto la giaboksi hutokea kwenye dashibodi kwa Kijapani, dereva akaliona kama pambo. Ukiona maandishi mapya yanawaka, egesha kivulini, yapige picha, yatafsiri kwa simu.

DQ250 hubadilishwa oili na filta yake kila kilomita 60,000. Kwa vumbi na joto letu mimi nasema 45,000. Oili ni ile maalumu ya DSG. Haidroliki nyekundu ya duka la spea, hata iwe ya bei gani, haifai, kwa sababu klachi zimepimwa zishike ndani ya oili yenye msuguano wake maalumu. Kosa jingine liko kwenye kuimwaga. Fundi asiyeijua anafungua boliti ya chini, inatoka oili kidogo tu, anahitimisha kuwa giaboksi ilikuwa kavu na anaijaza. Hajui kwamba ndani ya tundu hilo kuna kijibomba cha plastiki kinachopima kimo cha oili, nacho hutolewa kwa spana ya pembe sita ya namba 8. Kikitoka hicho, ndipo inapomwagika kama lita 5 na ushee.

Kupima kimo ni kazi ya alfajiri. Oili inatakiwa iwe na nyuzi kati ya 35 na 45, injini ikiwa inawaka, joto likisomwa kwa mashine, na oili ya ziada ikidondoka kupitia kijibomba hadi ibaki tone tone. Mchana wa Oktoba Nachingwea, gari lililotoka juani limeshakaribia nyuzi hizo kabla hujaliwasha, na linazipita wakati bado unatafuta spana. Oili ya moto imevimba. Ukipima hivyo, ikipoa inakuwa pungufu. Mwambie mteja alilete jioni lilale gerejini.

DQ200 hadithi yake ni nyingine. Ina oili mbili zisizochanganyika: lita 1.7 hivi kwenye gia, na lita 1 hivi ndani ya mekatroniki. Hii ndiyo iliyoitia Volkswagen aibu: mwaka 2013 waliita magari zaidi ya 380,000 huko China, na Novemba mwaka huo wakatangaza kubadilisha oili ya giaboksi kwenye magari yapatayo milioni 1.6 duniani, wakiondoa ya sintetiki na kuweka ya madini, kwa sababu ya hitilafu za umeme zilizoweza kutokea kwenye joto na unyevu. Gari la wakati huo lililokujia kutoka Japani, uliza kama lilifanyiwa.

Dalili nazo zina lugha. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, hasa likiwa limepata moto, kisha likatulia kwenye mwendo, shuku klachi kavu zilizoisha au kuungua uso. Mlio wa kugongana gari likiwa limesimama na injini ikiwaka, unaokua ukizima, mara nyingi ni flaiwili yenye springi, wala giaboksi haina kosa. Herufi za P, R, N, D zikianza kupepesa, mekatroniki imejifunga kujilinda: simama, zima, subiri, kisha lipime kwa kompyuta kabla ya kufuta chochote.

Dalili ninayoipenda kuliko zote ni hii: gari limepoteza gia za 1, 3 na 5 kwa pamoja, lakini 2 na 4 zinaingia. Watu huambiwa gia zimekatika, wauze gari au wanunue giaboksi nzima ya mtumba. Gia tatu hazikatiki siku moja. Kilichogoma ni klachi moja, au vali inayoiendesha, au fyuzi, na vyote hivyo vinapatikana bila kubadilisha giaboksi. Kwenye DQ200, kodi P17BF au P189C zinaelekeza kwenye shinikizo linalopungua, mara nyingi kwa ufa mahali akumuleta, yaani kopo linalotunza shinikizo la oili, inapokaa ndani ya mekatroniki. Pampu inafanya kazi bila kupumzika, oili inavuja, fyuzi inakatika.

Kabla ya yote hayo pima betri. Iliyopumzika usiku kucha ionyeshe volti 12.6 hivi, injini ikiwaka, kati ya 13.5 na 14.7. Joto letu linaua betri mapema, na mekatroniki yenye njaa ya umeme huripoti magonjwa ambayo haina. Na klachi au mekatroniki ikibadilishwa, lazima giaboksi ifundishwe upya kwa mashine inayoweza kazi hiyo. Vile vidude vya kuchomeka na kusoma kwa simu vinafuta kodi tu, havifundishi.

Masika ikianza, jihadhari na maji. Giaboksi ina kijitundu cha kupumulia juu. Ikiwa ya moto na ukaizamisha ghafla kwenye korongo lililojaa, hewa ndani inasinyaa na kuvuta maji. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe gari tena.

Likikwama kabisa, kulisukuma liwake ni jasho la bure, kwa kuwa bila shinikizo klachi zote mbili zimeachia. Kulivuta kwa kamba kuna mpaka: Volkswagen wenyewe wanasema liwe kwenye N, mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na umbali usizidi kilomita 50. Honda nyanyua magurudumu ya mbele. Kutoka Nachingwea, kwa kipimo hicho, Golf itafika Masasi, kilomita 45 hivi. Lindi au Mtwara ni kwa gari la kubebea.