Mikono Kwenye Vyombo, Mawazo Wapi?

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, waliwapa wanafunzi 51 kazi isiyo ngeni kwa yeyote: kuosha vyombo. Kabla ya kuanza, baadhi yao walisoma maelezo ya kawaida ya uoshaji. Wengine walisoma kifungu kilichowataka wazingatie kuosha kwenyewe, wakasikia joto la maji, wakanusa sabuni, wakaipapasa sahani. Walipomaliza, wasiwasi wa kundi hili la pili ulikuwa umepungua kwa asilimia 27 na hamasa imepanda kwa asilimia 25. Kundi la kwanza lilibaki vile vile.

Wazo lenyewe lilivuma tangu miaka ya 1970 kupitia Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibudha kutoka Vietnam, aliyefundisha kwamba mtu aoshe vyombo kwa ajili ya kuosha vyombo, si kwa ajili ya chai inayomsubiri.

Kwa nini kazi za nyumbani? Kwa sababu mikono imezizoea, akili hupata nafasi ya kutoroka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard waliwauliza watu wazima 2,250, kupitia simu zao, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu nusu ya nyakati walizoulizwa mawazo yalikuwa kwingine, na aghalabu furaha ilikuwa ndogo zaidi.

Chukua kukuna nazi. Anayekaa juu ya mbuzi huku akiwaza ada ya shule hushtuka chenga za kahawia zimeshaingia kwenye nyeupe, na tui limepoteza weupe wake. Anayezingatia huzungusha kifuu kidogo kidogo, husikiliza meno yanavyokwaruza, na huacha nyama ya nazi inapokwisha. Ada ikirudi kichwani, hajilaumu. Huirudisha akili kwenye kiganja.

Inatosha kuanza na kazi moja kwa siku, simu ikiwa chumba kingine. Ila wenye haraka wajue: wale wanafunzi waliozingatia walidhani wameosha kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa.

Utafiti ule ulikuwa mdogo, wa wanafunzi, na wa muda mfupi. Na uzingatifu wenyewe hautibu sonona. Wala haumpunguzii mzigo mama anayepika, kufua na kudeki peke yake huku wengine wakitazama mpira. Huyo anahitaji kwanza mtu wa kushika dekio.