Fahamu: Tabibu wa Kawempe aombe vyuo vingapi vya udaktari?
Tabibu mwenye stashahada, aliyehudumu miaka mingi katika zahanati za Kawempe, jijini Kampala, Uganda, na ambaye umri umekwisha kumtenga na vijana watokao kidato cha sita, akiazimia kusomea udaktari hana budi kutambua kwamba nafasi za wenye stashahada ni chache mno, na kwamba ada ya maombi, ikishalipwa benki, hairejeshwi. Makerere, iliyoanza kufundisha tiba mwaka 1924 na ambayo wanafunzi wake hujifunza ukunga papo hapo katika Hospitali ya Rufaa ya Kawempe, humvuta kila mtu. Lakini kuitegemea peke yake, kwa rai yangu, ni kuidhulumu nafsi. Heri aongeze Mbarara, Gulu na Busitema, vyuo vya umma, kisha kimoja cha binafsi, iwapo tu ataimudu karo ya miaka mitano pamoja na kodi ya nyumba ya aila atakayoiacha Kawempe. Chuo ambacho hata akikubaliwa hawezi kwenda, asikiombe kabisa; fedha hiyo imfae kwa nakala za vyeti zenye mhuri.