Je, Mtoto Mwenye Kipawa Ahesabiwe Katika Elimu Maalumu?

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa na wazazi na walimu ni hili: mtoto aliyejaaliwa wepesi wa kufahamu kuliko wenziwe, je, ahesabiwe pamoja na wanaohitaji elimu maalumu, kama wasioona na viziwi? Wako wasemao ndiyo, kwani naye hafanani na wenziwe. Na wako wasemao la, aliyekwisha kupewa zaidi haongezwi. Yafaa tulipime jambo hili kwa utulivu.

Wenzetu wa Kenya wamekwisha kukata shauri. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yawataja wenye vipawa na wenye ulemavu katika elimu ya mahitaji maalumu. Marekani, sheria ya nchi nzima ya mwaka 1975 iliwahusu wenye ulemavu tu, lakini jimbo la Kansas huwatia wenye vipawa katika mlango huo huo.

Hapa Tanzania tunazo shule ziitwazo za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Tabora ya wavulana na ya wasichana, na Msalato, shule ya wasichana iliyo hapa hapa Dodoma. Mkoa wetu unayo pia shule ya wasioona ya Buigiri. Msalato na Buigiri zote zaitwa maalumu, ila umaalumu wake si mmoja. Mtoto asiyeona husoma kwa vidole, kwa maandishi ya nukta nundu. Akikosa vitabu hivyo, mlango wa elimu umefungwa kwake. Binti aliyekosa nafasi Msalato atasoma shule nyingine. Basi si haki fungu la yule wa kwanza limegwe ili apewe wa pili.

Lakini mtu asidhani kuwa mtoto mwerevu hana haja yoyote. Msalato humpokea akiwa amekwisha kumaliza shule ya msingi kwa alama za juu. Je, miaka yote iliyotangulia? Katika miaka hiyo ndipo wengi wapoteapo. Mtoto humaliza hesabu zake wenziwe wangali wakinakili maswali. Akikaa bure huchokoza, huitwa mtundu, huadhibiwa, na mwisho hujifunza kuificha akili yake. Tena mtihani hauwaoni wote, kwani aachaye masomo kila mara ili achunge mbuzi hawezi kushindana na aliyehudhuria kila siku. Mwalimu Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, na mwaka 1937 akawa yuko Tabora. Lau asingepelekwa shule, nani angalimjua?

Dawa haiko mbali. Katika vyuo vyetu vya Qur'ani, desturi ya kale ni kila mtoto kuwa na somo lake. Huyu yuko juzuu Amma, yule amefika Yasin. Mwepesi hasubirishwi, wala mzito haburutwi. Aliyetangulia hupewa wadogo awasomeshe, naye kwa kusomesha huzidi kujua. Imam Shafii alikuwa yatima, na mamaye hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Mwalimu akaridhika asitoze kitu, kwa kuwa mtoto yule alimshikia darasa alipoondoka. Hakujengewa chuo cha peke yake. Alipewa kazi iliyolingana na akili yake.

Jawabu letu, basi, ni hili. Haja ya mtoto mwenye kipawa ni maalumu kweli, na walimu wafundishwe kuitambua tangu darasa la kwanza. Lakini fungu lake lisitolewe katika fungu la mwenye ulemavu. Wala tusisahau kuwa mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili: asiyeona huenda akawa hodari kuliko darasa zima.

Nanyi wazazi wa Zuzu na kwingineko, mtoto akiuliza maswali mengi msimnyamazishe. Nendeni kwa mwalimu wake, mkamwombe ampe kazi ya ziada. Mnunulieni kitabu kabla ya kummiminia sifa, kwani sifa hunenepesha kiburi, na kazi hunenepesha akili. Na binti mwenye kipawa asitolewe shuleni ili alee wadogo zake. Akili ya mtoto ni amana mikononi mwetu, na kila amana ina siku ya kuulizwa.