Kipande Kipya Ndani ya Ukurasa Uleule (Sehemu ya Tatu)

Katika miaka ya mwanzo ya tovuti, ukiacha zile zilizogawanywa kwa fremu, kivinjari kilikuwa na njia moja tu ya kumletea msomaji kitu kipya: kuuondoa ukurasa wote na kuuomba mwingine. Hata kama kilichobadilika ni mstari mmoja, kichwa cha ukurasa, menyu na maelezo ya chini vilitumwa tena, skrini ikawa nyeupe, na msomaji akangoja.

Dawa ilitokana na barua pepe. Wahandisi wa Microsoft waliokuwa wakitengeneza Outlook Web Access walitaka barua mpya zionekane bila kuupakia upya ukurasa mzima, wakabuni zana iliyoitwa XMLHTTP. Ilitoka pamoja na Internet Explorer 5 mwezi Machi 1999, na baadaye Mozilla nayo ikaunda ya kwake, XMLHttpRequest. Kwa miaka kadhaa wachache waliijali. Kisha ikaja Gmail, Aprili 2004, na Google Maps, Februari 2005, ambamo mtu aliivuta ramani kwa kipanya na vipande vyake vikajazana vyenyewe. Mwezi huohuo Jesse James Garrett aliipa mbinu hii jina lililoshika: Ajax.

Inafanyaje kazi? Chukua fomu ya maombi yenye orodha mbili, ya mkoa na ya wilaya. Mwombaji akichagua Tanga, JavaScript huita fetch, mrithi wa XMLHttpRequest aliyeingia katika vivinjari mwaka 2015, na kuipa anwani ya taarifa inayotakiwa. Ombi huenda kwenye seva huku mwombaji akiendelea kuandika jina lake. Jibu likifika, aghalabu katika muundo wa JSON, programu huitafuta orodha ya wilaya ndani ya ukurasa na kuijaza: Lushoto, Korogwe, Muheza, Pangani na nyinginezo. Sehemu nyingine za fomu hazikuguswa, na aliyoyaandika hayakupotea. Kilichopita mtandaoni ni majina machache tu, jambo kubwa kwa anayeishi kwa bando la siku.

Lakini anayechukua kazi ya kivinjari huchukua pia wajibu wake, na hapa ndipo tovuti nyingi huwaangusha wasomaji. Fetch haihesabu jibu la 404 (kilichoombwa hakipo) wala 500 (hitilafu ya seva) kuwa kushindwa. Kwake, seva kujibu kunatosha. Mwandishi wa programu asipokagua hali ya jibu, orodha hubaki tupu na mwombaji hujilaumu bure. Anwani iliyo juu ya kivinjari nayo haibadiliki mpaka programu iambiwe iibadilishe, kwa pushState. Bila hivyo, kitufe cha kurudi nyuma humtoa msomaji nje kabisa, na kiungo anachomtumia mwenzake hufungua kitu kingine. Asiyeona, anayesomewa skrini kwa sauti, hatajua kwamba kuna kipya mpaka sehemu hiyo iwekewe alama ya aria-live. Huo ni msimbo wa neno moja au mawili, na kuuacha ni kumfungia mtu mlango.

Hatari kubwa zaidi imo katika namna ya kukipachika kipande hicho. Oktoba 2005, kijana Samy Kamkar alificha msimbo katika wasifu wake kwenye mtandao wa kijamii wa MySpace. Kila aliyeufungua, kivinjari chake kilituma maombi kwa siri, kikamwongeza Samy kuwa rafiki na kuunakili msimbo ule katika wasifu wa mgeni. Kabla ya saa 24 kwisha, zaidi ya watu 1,000,000 walikuwa wameguswa. Ndiyo sababu maandishi yatokayo kwa watumiaji huwekwa kwa textContent, inayoyachukua kama herufi tupu, si kwa innerHTML, inayoyasoma kama sehemu ya ukurasa.

Njia salama ni kuanza na fomu inayokamilika hata JavaScript ikizimwa: kitufe kinachotuma mkoa kwenye seva na kurudisha ukurasa wenye wilaya zake. Fetch huongezwa juu yake. Mtandao ukiyumba na faili la JavaScript lisifike, mwombaji wa Pangani bado atatuma fomu yake.

Sehemu ya nne itaeleza kwa nini kivinjari huukatalia ukurasa wa tovuti moja kusoma majibu ya tovuti nyingine, na ruhusa ya kuyasoma huombwa vipi.