Mkono wa Fundi Picha Unapokufa Ganzi

Karibu na feri ya Likoni, Bombolulu hata Magongo, mafundi wa studio hushinda mbele ya kompyuta wakisafisha picha za pasipoti na za harusi. Jioni kifundo cha mkono wa kulia huuma; usiku kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi. Huenda neva ipitayo kifundoni imebanwa, na hapo mafuta ya kuchua hayatoshi.

Upunguzie mkono huo kazi, umpe wa kushoto. Katika Photoshop, B huleta brashi, E kifutio, X hubadilishana rangi mbili, Ctrl na Z hutengua kosa. Shikilia kibonye kirefu cha chini usogeze picha. Mausi haitapanda na kushuka kwenye menyu kila mara.

Lakini usitanue vidole kwa nguvu kufikia vibonye vitatu kwa mpigo, usije ukauhamishia wa kushoto maradhi! Windows huruhusu kubonyeza kimoja kimoja: piga Shift mara tano, kisha ukubali.

Ganzi isipokwisha, au ukianza kuangusha vikombe, kamwone daktari. Wa Changamwe wana Port Reitz. Neva ikibanwa muda mrefu, misuli ya gumba hukonda.